Tano kwa Ishirini

Mugisho tulimzika Nyantende, nyuma ya migomba ya wakwe zake, katika mvua ile ndogo isiyokuzuia kufanya kazi wala kukuacha ukauke. Siku ya tatu ya matanga nilirudi kumwona mjane wake, Nabintu, kwa sababu siku ya maziko watu walikuwa wengi na nilimpa mkono tu kama mgeni rasmi. Tulikaa kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa parokiani, sahani za bugali na maharagi magotini, nikala yote, maana kwetu anayebakiza chakula cha matanga huonekana amekuja kupeleleza. Nabintu alisubiri nimalize. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili, akauweka mapajani mwangu. Ndani mlikuwa na diski moja ya mchezo wa video, iliyoandikwa kwa kalamu nzito: MULIMA. "Yaya Nsimire," aliniita, yaani dada mkubwa, "alisema nikupe wewe. Alikuwa anasema batu babili tu njo balishafika kule juu: yeye na wewe. Mimi nilijaribu, vidole vyangu vilikataa." Nilisema asante. Niliteremka hadi barabarani nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kurudi mjini, mfuko nimeushika kwa mikono miwili, na dereva akanionya mara mbili kwamba nitaanguka nisiposhika chuma.

Sikuwa nimefika juu. Ni afadhali niliseme hilo mapema kuliko kumzungusha msomaji. Sikufika juu, na nilimwambia nilifika, na kwa jambo hilo mwaka wangu wa ishirini na moja umebaki kwangu kama mwiba uliofunikwa na ngozi: haumi ila ukiguswa.

Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo kikuu kwa hasira. Profesa mmoja alinipa saba kwa ishirini katika somo nililolijua kuliko Baba Yetu. Nilipanga foleni siku mbili kuomba nionyeshwe karatasi yangu ya mtihani. Nilipopewa, nilikuta kurasa mbili za katikati bado zimegandana kwa wino wa kalamu yangu iliyokuwa imevuja. Hakuna mtu aliyezifungua. Nilizibandua palepale mbele ya msaidizi wake, zikatoa sauti ya kitambaa kinachochanwa, nikamwambia: "Hamukusoma." Yule kijana alinitazama kwa huruma kabisa. "Dada," alisema, "cote iko inatafutwa. Haisomwi." Cote ndilo jina letu la alama, na namna ya kuitafuta, kwa pesa au kwa mwili, kila mtu aliijua. Nilibeba mkoba wangu nikateremka, na njia nzima nikijiapia kwamba siku nikishika kalamu ya kusahihisha, hata karatasi ya mwendawazimu nitaisoma hadi nukta ya mwisho. Wakubwa walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi nilikuwa bado upande wa nguruwe.

Aliyenipa kalamu alikuwa Papa Zihindula, mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, jirani yetu wa Kadutu, ambaye baada ya kuchoka na chaki alifungua salle ya michezo ya video. Kilikuwa chumba cha mbao kilichoning'inia kwenye mteremko juu ya soko, televisheni sita, mabenchi manne ya kanisa yenye sehemu ya kupigia magoti ambayo hakuna aliyethubutu kuing'oa, na mashine zilizofunguliwa na kurekebishwa mara nyingi hata zikawa na skrubu za redio. Kulinuka nyaya za moto, mvua iliyoingia kwenye mbao, na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, za Maman Cécile aliyekaanga mlangoni. Saa sita alituletea bugali na sambaza kwenye karai moja, tukala wote, mwenye salle na mkia wa foleni. Upande wa pili wa ukuta wanawake walisuka nywele, na kwa kuwa ukuta ulikuwa ubao mmoja, tulisikia maisha yao na wao wakasikia risasi za vita vyetu. "Aba batoto banapiga masasi tangu asubuhi," alisema mmoja siku moja. Mwingine akajibu, "Acha bapige za muchezo. Za kweli balishazisikia, hazikubafundisha kitu." Wakacheka, na chanuo likaendelea.

Papa Zihindula aliacha shule lakini shule haikumwacha. Diski mpya zilipofika, zikipitia Kampala kwenye mabegi ya wafanyabiashara, hazikuchezwa na watu mpaka zifanyiwe mtihani. Vigezo vitano, kila kimoja alama nne: picha, sauti, mkono, hadithi na haki. Mkono ni namna manette, kile kishikio cha kuchezea, inavyokutii. Haki ni kama ukishindwa unajua umekosea wapi. Jumlisha, unapata cote kwa ishirini. Na Jumamosi mchana, kama shule zinavyofanya mwisho wa mwaka, tulifanya proclamation: Papa anasimama kwenye benchi, anasoma jina la mchezo, anasema amepita au ameanguka, na anasoma maelezo yangu. Mchezo uliopita, vijana waliurushia kasha lake poda nyeupe, vilevile tunavyowarushia wanafunzi waliofaulu, hadi sakafu ikawa kama duka la unga. Kanuni ilikuwa moja tu, imeandikwa kwa chaki juu ya mlango: USIYEMALIZA, USITOE COTE. Kama hukumaliza unaandika "ajourné", mchezo unangoja wiki ijayo. Mimi ndiye nilikuwa msahihishaji. Siku ya kwanza niliposoma kanuni ile nilitaka kulia.

Nilikuwa mkali, na niliupenda ukali wangu. Mchezo wa mpira uliosifiwa hadi Goma niliupa kumi na moja, kwa sababu refa wake alikuwa haoni kitu na watu wa kwetu marefa vipofu wanawapata bure. Kulikuwa na mmoja wa vita, mji wa Kiafrika usio na jina, watu wakikimbia huku wakipiga mayowe ya lugha isiyokuwepo. Picha zake zilikuwa safi kiasi cha kuona vumbi likitua kwenye kiatu. Niliumaliza kwa siku nne, nikaupa nane, na nikaandika: "Aliyeutunga hajawahi kuona watu wanaokimbia risasi. Mtu anayekimbia kweli hapigi kelele. Anahesabu watoto wake." Papa aliposoma hayo, ng'ambo ya ubao mwanamke mmoja akasema "Ehe!" kama aliyejibu misa. Tangu siku hiyo watu walianza kuja Jumamosi ambao hawakuwa wakicheza kabisa. Walikuja kusikia nani ataanguka.

Mugisho ndiye aliyefufua manette zetu. Alikuwa amenizidi miaka miwili, mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyoungua kwa chuma cha kulehemu, na alikuwa na tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho halafu aendelee kusubiri, kama vile ulichosema kina mkia. Mama yake alikufa katika moto wa nyumba za mbao mtaani kwetu nilipokuwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa mchana, gari la zimamoto halikuweza kupanda, na mtaa mzima tulipanda ngazi na mabidon, yaani madumu, ya maji kutoka kisimani chini. Nyumba ilianguka. Moto Kadutu ulikuwa mwingi, miaka hiyo na iliyofuata, na Mungu anisamehe, baada ya muda mioto hiyo iliungana kichwani mwangu ikawa moto mmoja. Mugisho hakuuzungumzia. Alikwenda kukaa Nyangezi kwa shangazi yake, akarudi akiwa fundi, na kwa mwaka mmoja na zaidi, kwenye kompyuta aliyoiunga kwa vipande vya maiti za kompyuta nyingine, alikuwa akitengeneza mchezo wake mwenyewe. Bukavu nzima sikumjua mwingine aliyejaribu. Alhamisi moja aliniletea diski, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. "Isahihishe kama zingine," alisema. "Usinionee huruma." Nikamwambia hanijui vizuri kama anadhani ninayo.

Ijumaa mchana ndipo nikaufungua, wa mwisho baada ya diski tatu za nje. Unaanza chini, kisimani. Una bidon la njano. Mbele yako kuna ngazi, na nilizitambua mara moja, ngazi zetu zenyewe, na ile moja iliyovunjika pembe akiwa ameichora kama ilivyo. Unapanda. Ukikimbia, maji yanamwagika. Ukienda taratibu, njia haiishi. Watu wanateremka na mabidon matupu, wanakupita, wengine wanakugusa bega, hawasemi kitu. Hakuna adui. Hakuna saa. Picha zilikuwa za mkono, watu wenye nyuso za duara, na sauti ilikuwa pumzi tu, pumzi ya mtu anayepanda, inazidi kukaza. Nilipanda dakika ishirini, nikafika kwenye kona ya tatu, nikajiuliza kwa sauti: kubeba maji? Kazi ninayoifanya kila alfajiri, sasa niifanye tena kwa vidole? Hapo umeme ukakatika. Tulikaa gizani mchana kweupe, mashine zikilia "tik" zikipoa, Maman Cécile akauliza kutoka mlangoni kama courant imeenda hapa tu au ni mutaa yote, na Papa akasema ni mutaa yote. Haukurudi siku ile. Haukurudi asubuhi.

Nilipaswa kuandika ajourné. Neno moja, kanuni ilikuwa juu ya kichwa changu kwa chaki. Lakini Jumamosi ile alikuwa anakuja mtu wa redio kunisikia. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba anatafuta sauti ya kipindi cha vijana. Niliona aibu kumwonyesha karatasi iliyo wazi. Na kulikuwa na jambo jingine, la kwetu hasa. Kila mtu alijua Mugisho ni rafiki yangu. Kwetu ukimpa rafiki muda zaidi, wanasema unamtafutia cote. Ukimpa alama nzuri, wanasema ameipata uvunguni. Mimi niliyeacha chuo kwa ajili ya jambo hilo nisingekubali kunyooshewa kidole. Kwa hiyo nilichukua kalamu nikafanya kile nilichokiona kuwa ndio usafi. Picha moja. Sauti moja. Mkono mbili. Hadithi sifuri. Haki moja. Tano kwa ishirini. Na nikaandika maelezo, ninayakumbuka neno kwa neno, ningependa kusema nimeyasahau: "Mchezo huu haumchoshi adui, unamchosha mchezaji. Unabeba maji hujui ya nini. Watu wanaoteremka hawana kazi yoyote humu, angewatoa."

Mchana huo salle ilijaa hadi kwenye ngazi za nje. Papa alikuwa amewasha jenereta ndogo kwa ajili ya kipaza sauti tu. Mtu wa redio alikaa benchi la mbele, miguu juu ya kile kibao cha kupigia magoti. Mugisho alisimama mlangoni na shati lake jeupe la misa. Papa alisoma zile tatu, mbili zikapita, poda ikarushwa. Kisha akasema, "Mulima, ya Mugisho wetu," akatua, akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Nadhani alikuwa anauliza kitu kwa macho. Mimi niliangalia ukuta. Akasoma: "Ameanguka. Tano kwa ishirini." Akasoma na maelezo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanuni. Kwenye neno "unamchosha mchezaji" salle ililipuka kwa kicheko, hata wasuka nywele walicheka, na kijana mmoja akapaza sauti, "Mugisho, urudi kisimani!" Mtu wa redio alikuwa akiandika. Mugisho naye alitabasamu, kama unavyotabasamu ukijikwaa mbele za watu. Nikaona mfuko wa suruali yake umetuna kwa kitu cha mviringo, nikajua ni kopo la poda.

Alinisubiri nje, kwenye ngazi. Watu walikuwa wanateremka pande zote mbili zetu. Sikutaka kumwangalia kwa hiyo nilimwangalia mikono.

"Nsimire," alisema, "ulifika kule juu?"

"Nilifika."

"Juu kabisa?"

"Mugisho, nilikuambia nitasahihisha kama zingine. Nilifika."

"Na uliona?"

"Niliona."

Alingoja, kwa ile tabia yake. Nilikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa ndefu, ningeweza kupitisha maneno mengi sana ndani yake. Kisha akasema, "Basi, sawa. Kama uliona, sawa." Aliomba diski yake, nikampa. Alitoa lile kopo mfukoni akampa mtoto wa dada yangu aliyekuwa akipita, akamwambia lisipotee, litamfaa mwisho wa mwaka.

Nilipata kipindi cha redio. Kutoka redio nilipata kazi ofisini, na kazi yangu hadi leo ni kwenda vijijini kutathmini miradi ya wengine, visima, vyoo, ushirika wa wafuga sungura. Wananiita maman évaluation, na wananiogopa. Watu husema Nsimire habembelezi. Kila nilicho nacho kilianzia Jumamosi ile. Kompyuta ya Mugisho aliigawa vipande vipande kwa mafundi wenzake. Hakutengeneza mchezo mwingine. Alihamia Nyantende, akalima, akatengeneza redio na simu za watu, akaoa, akaugua figo. Salle iliondoka na mvua, mteremko ukaichukua ukuta hadi ukuta, na Papa Zihindula akaifuata miaka miwili baadaye. Nilikutana na Mugisho sokoni labda mara ishirini katika miaka hiyo yote. Tulisalimiana vizuri. Aliniuliza habari za watoto, nikamwuliza habari za mihogo. Hakuwahi kuninunia, na nilishukuru, mpumbavu mimi, nikidhani amesahau.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikwenda ofisini. Kuna kompyuta moja ya zamani pale yenye tundu la diski, tunaitumia kuwekea glasi za chai. Niliifuta vumbi, nikaiwasha, nikaweka diski. Kisima. Bidon la njano. Pumzi. Vidole vyangu sasa ni vizito, nilimwaga maji mara nyingi, nikarudi chini, nikaanza tena. Watu waliteremka na mabidon matupu wakanigusa bega. Nilipita kona ya tatu. Nilipita ya nne, na ya tano, na kwenye ya sita picha ikaanza kuwa na ukungu wa kijivu, nikafikiri ni mashine inakufa. Haikuwa mashine. Ulikuwa moshi.

Kule juu kuna nyumba ya mbao imekwisha kuanguka. Hata ukipanda haraka namna gani, nilijaribu baadaye, imekwisha kuanguka. Kitenge bado kimeanikwa kwenye kamba pembeni, hakijaungua. Unaruhusiwa kufanya kitu kimoja tu: kumwaga maji. Nikamwaga. Ndipo screen ikawa nyeusi na maandishi yakatokea, katika Kiswahili chetu cha nyumbani: "Moto ilituzidi. Lakini bale balipanda njo aba." Kisha hao waliopanda, wale watu wa nyuso za duara, wakaanza kuteremka mmoja mmoja na mabidon matupu, wakirudi kuteka mengine, na kila mmoja sasa ana jina. Maman Cécile, alipanda mara ine. Papa Zihindula, mara mbili, na kiatu moja. Walipita wengi, majina ambayo sikuwa nimeyasema tangu utoto. Karibu na mwisho akateremka msichana mwembamba mwenye sare ya shule, anachechemea. "Nsimire, mara tatu. Alianguka pa ngazi yenye kuvunjika, maji yote ikamwangika. Alirudi kuteka ingine." Nina kovu kwenye goti la kushoto. Watoto wangu wakiniuliza huwa nawaambia sijui nililipatia wapi, na nilikuwa sidanganyi.

Nilikaa pale mpaka screen ikajizima yenyewe. Alikuwa ameniuliza kama niliona, nikamjibu niliona, na maisha yake yote yaliyobaki aliamini kwamba nilisoma jina langu pale, nikachukua kalamu, nikampa tano. Nilimpigia Nabintu simu. Nilimwambia kweli, kwamba siku ile sikufika, nimefika leo. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anapasua kuni.

"Sasa yaya," alisema, "sababu ya nini ulimuambia uliona?"

Nilimwambia siku ile courant ilikuwa imeenda.